Kijiji cha Wakwe

Burhani aliusoma wasifu wa kijiji akiwa amesimama, maana mtafiti hasomi utafiti wake amekaa. Alivaa suti ya kijivu aliyoivaa mara ya mwisho kwenye maziko. Kompyuta yake ilikuwa imeunganishwa na televisheni ya shemeji yake Naïma kwa waya wa kuazima, na pale ambapo siku nyingine Naïma hutazama tamthilia zake za Kituruki, kisiwa cha Sumatra kilikuwa kimelala kimshazari katikati ya maji ya buluu.

"Bon," alisema Burhani. "Koto Sibayan. Kijiji kidogo, Sumatra ya Magharibi, Indonesia. Wenyeji ni Waminangkabau. Kiko kando ya ziwa."

Akautaja urefu wa kijiji kutoka usawa wa bahari. Akataja wastani wa mvua kwa mwaka, idadi ya kaya, idadi ya nyati, ukubwa wa mashamba ya mpunga na aina ya udongo. Akasema milimani wanalima mdalasini, na kwamba mapaa ya nyumba za zamani yamepinda juu pande zote mbili mithili ya pembe za nyati. Wazee waliokusanyika sebuleni walitikisa vichwa kwa heshima kubwa. Hakuna hata mmoja wao aliyejua wastani wa mvua wa Bujumbura alikozaliwa, lakini sasa wote walijua kwa hakika kwamba Lukman hatakuwa na wakwe wa nchi kavu.

Lukman ndiye aliyetaka kuoa. Alikuwa mtoto wa pekee wa Naïma, dereva wa tramu hapa Brussels, kijana mpole ambaye hata kengele ya tramu aliipiga kama anaomba radhi. Msichana aliitwa Rahmi, na alikuwa amemaliza masomo ya samaki wa maziwa huko Leuven. Na kwa watu wa Buyenzi, ule mtaa wa Waislamu wa Bujumbura ilikotoka familia hii, mtu haoi kabla ukoo wa upande wa pili haujaulizwaulizwa. Kule kwao kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Unamtuma shangazi mmoja akakae barazani kwa watu, asukwe nywele, na kabla ya Magharibi umeshajua nani ana kifafa, nani ana mdomo, na nani alimkimbia mkewe na kwa sababu gani. Lakini shangazi gani angekwenda kusukwa nywele Sumatra? Ndipo Burhani alipojitwika mzigo huo wote mwenyewe.

Burhani alikuwa mdogo wake marehemu mume wa Naïma. Siku za kazi alilinda mifupa ya mijusi wakubwa wa kale katika jumba la makumbusho, kazi ambayo haikumchosha, kwani mijusi wenyewe hawakujaribu kutoroka. Zamani, akiwa kijana, alifanya kazi ya sensa kwa miezi kadhaa mjini Bujumbura, akabandika namba kwenye milango ya watu. Tangu hapo alijiita mtafiti, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumkatalia.

"Wanaswali?" aliuliza Abdul-Aziz, mshenga, mtu wa tumbo na tasbihi.

"Waislamu wa zamani kabisa. Misikiti iko, na imehesabiwa."

"Na mila zao za ndoa?"

Burhani alibonyeza kitufe, picha zikapita mbio mpaka mtu akaona kizunguzungu. "Kuko sehemu ya mila hapa, kurasa mingi. Mara nyumba ni ya wanawake, mara mujomba njo musemaji. Hiyo ni folklore ya kupendeza watalii. Nimeiruka."

Naïma alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia ya vikombe. Sebule ilikuwa yake, vikombe vyake, sukari yake, na mtoto aliyekuwa akijadiliwa alikuwa wake. Kilichokosekana kuwa chake ni kiti.

"Miye nauliza kitu kimoja," alisema. "Wakishaoana, watakaa wapi?"

"Shemeji, huu ni wasifu wa kijiji," alijibu Burhani kwa upole wa mtu anayemsemesha mgonjwa. "Hayo yatajulikana mbele."

"Si tumuulize Rahmi mwenyewe? Iko hapa Leuven, ni kupanda treni tu."

"Mutafiti hamuulizi muntu anayehusika. Atamudanganya. Hiyo inaitwa méthodologie."

Neno lile lilimaliza mjadala, kama lilivyozoea kuimaliza mijadala yote katika familia ile. Naïma akagawa chai.

Alikuwa ameigawa chai hiyo kwa miaka mingi. Mumewe alifariki Lukman akiwa bado anafungiwa kamba za viatu, na Burhani akatangaza mbele ya wote kwamba mtoto wa kaka yake hatakosa baba. Kwa kweli hakukosa. Naïma aliosha wazee wa Kibelgiji katika nyumba ya kutunzia wazee, asubuhi na jioni, akawageuza, akawabadilisha, akawasikiliza wakimwita majina ya binti zao wasiokuja. Na Burhani akatoa maamuzi. Aliamua shule. Aliamua fani. Miaka michache nyuma, Lukman alipompenda Laetitia, msichana wa Kivu mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani, Burhani aliamua kwamba ukoo ule haujulikani, na ubatizo ule unajulikana mno. Laetitia akaolewa Lille. Naïma alikuwa amempenda msichana yule. Siku ya uamuzi aliusikia wote akiwa jikoni, na hakuna aliyemuuliza, naye hakusema. Lukman alikaa karibu mwaka mzima akila kwa kichwa chini, na mama yake akashindwa kumtazama machoni.

Kwa hiyo safari hii Naïma alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa na vichwa viwili vinavyogombana. Alihofia Burhani ataiharibu na posa hii, mwanawe avunjike mara ya pili. Na alihofia Burhani hataiharibu, mwanawe aolewe na maisha mengine, yeye abaki peke yake ghorofa ya tatu Saint-Gilles akisikiliza friji. Alitaka Lukman aoe na alitaka Lukman asiondoke. Juu ya yote hayo alitaka kitu kidogo sana, ambacho aliona haya hata kukitaka: alitaka mtu mmoja, kabla hajafa, amuulize yeye anaonaje.

Lukman alimwambia Rahmi kwamba Jumapili wazee watakutana. Rahmi akamwambia mjomba wake kwamba Jumapili wazee watakutana. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kimyakimya, kwa adabu. Hakuna aliyeuliza ni nani atakwenda kwa nani, kwa sababu pande zote mbili zilijua. Watu wa Buyenzi walijua tangu tumboni kwamba upande wa mwanamume ndio unaokwenda kubisha hodi. Na kule Koto Sibayan, katika zile kurasa nyingi za kupendeza watalii, walijua tangu tumboni kwamba upande wa mwanamke ndio unaokwenda kumwomba mwanamume.

Jumapili asubuhi ujumbe wa posa ukaondoka kwenda Leuven, kwa mjomba wa Rahmi. Burhani na suti yake, Abdul-Aziz na kanzu chini ya koti la mvua, na Hamissi, jirani ambaye hakuwa na undugu na mtu yeyote pale lakini alikuwa na ndevu nzuri. Burhani alibeba wasifu wake umechapwa na kufungwa vizuri, ili wakwe waone kwamba wanajulikana.

"Weye baki, shemeji," alimwambia Naïma mlangoni. "Mama wa mwanaume haendi kwenye posa ya kwanza. Ukae na simu karibu."

Naïma akabaki na simu karibu. Lukman alikuwa kazini. Alivua viatu, akafunga kitenge kilichopauka juu ya fulana ya zamani, akaamua kujipikia kile anachokipenda wakati hakuna wa kumwona: ugali na ndagala, yaani dagaa, zile alizonunua Matonge, mtaa wa Waafrika, kwa maman Mathilde, ambaye huapa kwamba zimetoka Uvira na hazikupita kwa mtu. Alizikaanga na nyanya na pilipili, akafungua madirisha yote kwa ajili ya majirani, ambao hupenda sana tamaduni za watu ilimradi zisiwe na harufu. Ndagala ni kitu cha nyumbani. Hakuna mwanamke wa Buyenzi mwenye akili timamu anayewawekea wakwe.

Kengele ikalia.

"Assalaam alaykum," ilisema sauti ya mwanamume kwenye kile kisanduku cha ukutani, na Naïma, kwa kuwa salamu ya namna hiyo haifungiwi mlango, akabonyeza.

Walipanda ngazi polepole. Alitangulia mwanamume mfupi wa makamo, kofia nyeusi kichwani, na shuka la kung'aa limekunjwa kiunoni juu ya suruali. Nyuma yake walikuja wanawake watatu wamevaa vitambaa vya nyuzi za dhahabu, wawili wamebeba masinia yaliyofunikwa, na aliyekuwa katikati, mwembamba, wa umri wa Naïma, alishika kwa mikono miwili chombo cha shaba kilichojaa majani ya tambuu. Walikuwa wamelowa mvua na wamependeza. Naïma alikuwa na mwiko wa ugali mkononi.

"Nyumba ya mama wa Lukman?" aliuliza yule mwanamume kwa Kifaransa cha kuungaunga.

"Njo miye," alisema Naïma, akajigusa kifua.

Mwanamume akainama. Alikuwa Syafril, mjomba wa Rahmi, mpishi wa mkahawa mmoja Leuven, mwenye miaka mingi Ubelgiji. Mwenye chombo cha shaba alikuwa Yusnidar, dada yake, mama wa Rahmi, aliyesafiri kutoka kijijini kuja kuona binti yake akivishwa joho la chuo. Wale wenye masinia walikuwa jamaa zao. Na walikuja, alisema Syafril, kwa sababu ambayo mama bila shaka anaijua.

Mama hakuijua hata kidogo. Aliwakaribisha, akawakalisha, akaondoa mto uliochanika, akauficha mwiko nyuma ya televisheni.

"Tumekuja kumwomba kijana wako," alisema Syafril.

"Kumuomba kwenda wapi?"

"Kumwomba. Kwa ajili ya binti yetu."

Naïma aliwatazama mmoja mmoja. "Lakini watu wetu wamekwenda kwenu. Wamekwenda kumuomba binti."

Syafril akatafsiri. Kisha Yusnidar alifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kumtikisika, na kabla Naïma hajajua la kufanya alikuwa naye anacheka, kicheko cha tumboni ambacho hakikuwa kimemtoka muda mrefu. Wanawake wanne walicheka mpaka wakafuta machozi. Syafril peke yake hakucheka. Alikuwa anafikiria nyumba yake, aliyoifunga kwa funguo mbili.

Simu ikalia. Ilikuwa Burhani.

"Shemeji, tuko mbele ya mulango tangu saa ngapi, hakuna muntu. Hawa watu hawana adabu. Mvua inatunyeshea. Hamissi anasema turudi."

"Wako hapa," alisema Naïma.

"Nani?"

"Wakwe. Wamekaa hapa sebuleni. Wamekuja kumuomba Lukman."

Karatasi zikasikika zikipekuliwa.

"Haiwezekani," alisema hatimaye. "Haiko kwenye wasifu."

"Kuko kurasa uliruka."

"Bon. Sikiliza vizuri. Usiseme neno lolote. Unasikia? Wape chai. Ongea mambo ya mvua. Miye nakuja."

Naïma akaiweka simu chini. Jumapili treni ni chache, na Leuven si mtaa wa pili. Naïma akaenda jikoni kutafuta cha kuwapa wageni, akakuta kile alichokuwa nacho: ugali na ndagala. Masinia yao yalikuwa na wali, nyama iliyopikwa na nazi mpaka ikawa nyeusi, mayai ya pilipili, keki. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini mgeni hawezi kula chakula chake mwenyewe kwenye nyumba ya watu, kwa hiyo akazipakua zile ndagala kwenye bakuli zuri kuliko yote, akaziweka mezani akitazama pembeni.

Yusnidar alichukua samaki mmoja kwa vidole. Akamtazama kichwa mpaka mkia. Akamla, akachukua mwingine, kisha akamwambia kaka yake maneno machache na macho yake yakiwa bado kwenye bakuli.

"Anauliza nani amekuletea samaki wa ziwa letu," alisema Syafril.

"Hao wa ziwa letu. Tanganyika."

"Anasema basi haya maji ni ndugu."

Hapo Naïma alikaa. Hakukaa pembeni ya kiti kama mtu wa kuitwa jikoni. Alikaa vizuri, akaegemea, akakunja mguu. Burhani alikuwa amemwambia asiseme neno lolote, naye alikusudia kutii. Hatasema neno. Atauliza tu. Alikuwa mwanamke wa Buyenzi na shangazi zake wote walikuwa wamesukwa nywele kwenye baraza za watu.

"Mwambie anipe habari ya kijiji," alimwambia Syafril. "Lakini asinambie nyati wako wangapi. Nyumba ya jirani ni ya nani, na munapatana?"

Yusnidar aliposikia tafsiri alijinyoosha. Swali hilo alilingoja tangu uwanja wa ndege. Nyumba ya jirani ni ya binamu yake, alisema, na hawapatani, kwa sababu ya jogoo. Kisa chenyewe ni cha zamani, jogoo ameshaliwa, ila ugomvi uko hai na unaendelea vizuri. Nyumba ya upande wa pili imefungwa. Nyumba nyingi zimefungwa. Wanaume wa Koto Sibayan huondoka wakingali vijana kwenda kutafuta maisha, ndiyo desturi yao, na huko waendako hufungua mikahawa na kulia kwa kukumbuka nyumbani wakiwa wamenenepa. Hapo alimtazama kaka yake, na kaka yake akatafsiri bila kuinua macho. Wanaobaki ni wanawake, kwa sababu nyumba na mashamba ni ya wanawake. Mama humwachia binti. Msikiti una kipaza sauti kikubwa, na mwenye harusi hukodi kinanda chenye kipaza sauti kikubwa zaidi, kwa hiyo usingizi ni kwa bahati. Barabara ya kushukia ziwani ina kona nyingi mno, mabinti huitapikia. Imamu ni mtu mzuri ila anapenda sana kuazima ngazi. Paa la nyumba yao linavuja upande wa mashariki.

Naïma aliuliza kuhusu wagonjwa katika ukoo, akajibiwa. Aliuliza baba wa Rahmi yuko wapi, akaambiwa alikufa, ziwani, mtumbwi ulipopinduka. Waliangaliana. Syafril alitaka kutafsiri kitu lakini hakikuwepo cha kutafsiri.

Kisha Naïma akaliuliza lile swali alilolianza na sinia mkononi.

"Wakioana, watakaa wapi?"

Yusnidar hakucheka tena. Aliongea polepole, akimtazama Naïma badala ya kaka yake, na Syafril alisubiri mpaka amalize.

"Rahmi ni binti pekee," alisema Syafril. "Nyumba inamngoja yeye. Asiporudi, nayo itafungwa. Kwetu mwanamume akioa huenda kukaa nyumbani kwa mke. Lukman atakuja Koto Sibayan. Rahmi ameshapata kazi huko, ya samaki. Lukman anajua, mama. Walishakubaliana. Alituambia alimweleza baba yake mdogo, naye atakueleza."

Lukman alijua. Alikula naye usiku, akamwoshea vyombo, akamuuliza kama mgongo unauma, na alijua. Aliogopa kumwambia, akamwachia Burhani, na Burhani akampa mama mtu idadi ya nyati. Naïma alikasirika. Alitaka kuwaambia hawa watu wachukue shaba yao na majani yao washuke ngazi. Burhani alikuwa njiani. Angefika na méthodologie yake, angesema mwanamume wa Buyenzi haolewi, na mambo yangeishia hapo, na yeye Naïma asingekuwa na lawama wala hasara. Ilitosha tu atii. Ilitosha agawe chai.

"Kwetu," aliendelea Syafril kwa sauti ya chini, "mtoto ni wa mama. Hatuwezi kumuuliza mtu mwingine. Tunakuuliza wewe, pamoja na kaka yako. Una kaka?"

Kama ana kaka! Alikuwa na Iddi, fundi magari pale pale Buyenzi, ambaye katika miaka yote hiyo hakuna mtu wa Brussels aliyewahi kumtaka ushauri juu ya lolote, hata juu ya magari. Naïma alimpigia simu ya video. Iddi alitokea amelala chini ya gari, uso umejaa grisi, bisibisi mdomoni.

Alimweleza. Ilichukua muda, na Iddi alitoka chini ya gari kipande kipande kadiri habari ilivyoendelea, mpaka akawa amekaa juu ya tairi.

"Donc wananiuliza miye?" alisema.

"Wanakuuliza weye na miye."

Iddi alijifuta uso kwa tambara, akauchafua zaidi. Aliwaangalia wale wageni kwenye simu, akawasalimia kwa heshima, kisha akarudi kwa dada yake.

"Dada, miye huyo mutoto nilimubeba akiwa mudogo, sasa sijui hata sauti yake. Weye njo ulimulea. Unaonaje?"

Naïma alifikiri juu ya Lukman akila kwa kichwa chini. Alifikiri juu ya wale wazee anaowaosha, watoto wao wakiwa vituo viwili vya tramu kutoka kitandani kwao, wasioonekana mwaka hadi mwaka. Ukaribu huo ulikuwa na faida gani? Alimwangalia Yusnidar, ambaye alikuwa amekishika tena kile chombo cha shaba, vidole vimekaza, na akaona kwamba mwanamke yule anaogopa jibu lake. Hakuna mtu aliyewahi kuogopa jibu lake.

"Inaniuma," alisema. "Nataka mujue inaniuma sana. Lakini nimekubali. Mumuchukue."

Syafril alitafsiri sehemu ya kwanza na Yusnidar akalia kabla ya kufika ya pili. Alimsogezea Naïma majani ya tambuu. Naïma alitafuna moja, likamkereketa, akalimeza kwa adabu.

Burhani aliingia anatweta, suti imemshika mwilini, wasifu umelowa na kuvimba mkononi. Nyuma yake Abdul-Aziz alishikilia ukuta. Hamissi alikuwa ameamua kurudi kwake na ndevu zake. Burhani alivuta pumzi, akajiweka sawa katikati ya zulia, akaanza: kwamba kwa niaba ya ukoo, baada ya utafiti wa kina wa kijiji chenu na mazingira yake, wamekuja kuomba...

"Samahani, mzee," alisema Syafril. "Mama ameshajibu."

"Mama gani?"

"Mwenye mtoto."

Burhani alimgeukia Naïma. "Umejibu nini, shemeji?"

"Nimekubali. Lukman atakwenda kukaa kwao."

"Mutoto wa kaka yangu aende kukaa kwa muke? Kama muzigo?"

"Weye tonton wake, Lukman alikuambia hivyo, na ukanyamaza. Sasa kaa chini, umelowa. Kuko ndagala."

Burhani hakukanusha, akatazama kiti. Kilikuwa chake kwa miaka yote, na sasa Naïma alikuwa amekikalia, wala hakuonyesha dalili ya kuinuka. Akakaa kwenye kistuli cha viatu karibu na mlango, wasifu magotini, na baada ya muda, kwa kuwa njaa haina méthodologie, akaomba sahani.

Lukman alirudi jioni na sare yake ya kazi. Alisimama mlangoni, akaona nguo za dhahabu, masinia, baba yake mdogo juu ya kistuli, mjomba Iddi kwenye simu aliyesahauliwa juu ya meza, bado amekaa kwenye tairi lake na anafuatilia kila kitu. Hakumtazama yeyote kati yao. Alimtazama mama yake, na uso wake ulikuwa ule ule wa utotoni alipovunja kitu.

"Ulikuwa unajua," alisema Naïma.

"Niliogopa, maman. Nilijua utakatala."

"Ningekatala," alisema Naïma. "Ungeniuliza weye, ningekatala kabisa."

Akasogea kidogo kitini ili kijana apate pa kukaa, na kwa muda wote uliobaki jioni ile hakuuachia mkono wake.